Kikombe Kisicho na Kijiko

Insa alipanga vikombe vitano, na mezani walikuwa wanne. Hakuna aliyejali. Walikuwa likizoni, wameshiba sukuma wiki na soseji zilizokaushwa kwa moshi, na nje theluji ilianguka bila kupumzika mpaka tuta la kuzuia bahari likapotea machoni.

"Hicho cha nani, mwenye nyumba?" Eilert alimchokoza. "Au bibi yako kafufuka?"

"Kelele wewe. Mkono umezoea tu," Insa alijibu. Nyumba ilikuwa ya marehemu bibi yake, na humo vikombe vilijipanga vyenyewe kwa mazoea.

Alipotaka kukiondoa, Gesche, mke wa Eilert na shoga yake Insa tangu shule, alimzuia. "Weee! Hakina kijiko hicho. Utamnyima mgeni?"

Wakaangua kicheko. Pwani ile mgeni aliyetosheka hutia kijiko chake ndani ya kikombe. Asipotia, mwenyeji haruhusiwi kuacha kumimina. Basi Insa akainama kwa madaha mbele ya kiti kitupu, kile kilichokuwa ubavuni mwa Menno, mumewe, akamimina.

"Karibu mgeni. Kunywa mpaka utosheke."

Bonge la sukari lililokuwa kikombeni likapasuka, ta, kama yanavyopasuka yote yakiguswa na chai ya moto. Wakaendelea na porojo zao. Insa alipozunguka tena na birika, kikombe cha tano kilikuwa kikavu.

"Eilert, acha utoto."

"Naapa sijakigusa."

Menno alikuwa anajisugua mikono. "Jamani, ongezeni kuni. Upande huu naganda."

Jioni ile walicheka mara ya mwisho. Insa aliosha vyombo, lakini alipogeuka kikombe cha tano kilikuwa mezani tena, na chumba kilinuka tope la bahari maji yakiwa yamekupwa. Akaamua kukipuuza. Hapo Menno akadondoka chini, midomo imekuwa ya buluu, na pumzi yake haikutoa mvuke.

Gesche ndiye aliyepiga kelele, "Mimina! Insa, mimina!"

Akamimina. Sukari ikalia, ta, ingawa hakuna mtu aliyetia sukari, na Menno akavuta pumzi.

Tangu hapo walijua. Akipewa chai, yule asiyeonekana alikunywa chai. Akinyimwa, alikunywa joto la Menno. Walijaribu kumtilia kijiko wao wenyewe, kikarushwa ukutani. Walimfunga Menno juu ya kigari cha theluji wakamburuta nje, na kabla hawajafika getini mapigo ya moyo wake yakawa hayasikiki, wakarudi mbio wakilia. Watu wa gari la wagonjwa walisema barabara imefunikwa, wasubiri. Wakasubiri kwa zamu, mmoja akichemsha maji, mwingine akimimina, na kila mara ile ta ndogo ikilia mbele ya kiti kitupu, mpaka Insa akawa anaisikia hata akiziba masikio, anaisikia kwenye meno yake, huku kopo la chai likipungua na Eilert akikwangua vumbi la majani kwa ncha ya kisu, naye Menno amejikunyata karibu na jiko mikono ikiwa migumu, akimwita jina kwa sauti ambayo kila saa ilizidi kuwa ya mbali.

"Insa. Usiniache."

"Siendi popote, mpenzi wangu. Nipo hapa."

Birika la mwisho lilitoa maji ya rangi tu. Insa akajifungia jikoni akampigia Tette, bibi wa upande wa pili wa mfereji, ambaye watu humwendea awaponyeshe chunjua na mkanda wa jeshi kwa maneno ya kunong'ona.

Tette alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikiwa nyumbani mwake.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, bibi. Ilikuwa mzaha."

"Mzaha! Kwa wageni wa aina hiyo hakuna mzaha, mwanangu." Akakohoa. "Mgeni huyo haondoki mpaka mwenyeji akalie kiti chake na kutia kijiko kwa mkono wake. Lakini kiti hakibaki wazi. Ukikaa, umekaa. Na kile kijiko usikitoe, unanisikia? Ukikitoa, kiu yake inakuwa yako. Hata ufe kwa baridi, usikitoe."

"Menno atapona?"

"Atapona."

Insa akakata simu. Aliwatuma Gesche na Eilert bandani wakalete kuni. Akambusu Menno kwenye paji la uso, baridi ile ikamchoma midomo, akavuta kile kiti. Kilikuwa kimelowa. Alikaa, na kitu kikubwa kikainuka kutoka pale pale alipokaa, kikampita mwilini kuelekea mlangoni. Akatia kijiko.

Menno akakohoa. Rangi ikaanza kurudi mashavuni mwake.

"Insa?" alisema, akitazama huku na huku. "Insa, uko wapi?"

"Nipo hapa," alisema Insa, mbele yake kabisa.

Barabara ilipofunguliwa walimtafuta kwa mbwa, wakachimba theluji kando ya tuta lote, wakadhani alitoka kuomba msaada akapotea. Insa aliwaona kupitia dirishani. Baridi aliyokuwa nayo haina jina. Ilimtafuna mifupa, usingizi haukuja, wala machozi, na mkono wake haukuthubutu kukiachia kile kijiko.

Eilert na Gesche waliondoka. Menno alikataa. Alinunua chai, akawasha jiko, akakaa peke yake mezani, mzima, mwekundu, macho yamevimba. Akatazama kile kikombe kilichosimamishwa kijiko, ambacho hakuna aliyeweza kukiondoa mezani.

"Karibu, mke wangu," alisema huku akilia. "Kama unanisikia, nakuomba. Rudi unywe nami."

Mvuke wa birika ukamgusa Insa usoni. Alimpenda Menno kuliko chochote duniani. Alikishikilia kijiko kwa mikono miwili, akakitoa.

Menno alikiona kikiinuka chenyewe. Akacheka kwa furaha kama kichaa, akanyanyua birika, akamimina.