Mzee Aliyechoka

"Mzee anakwenda kuoga."

Simu ikakatwa.

Darmi Godhana aliitia Thuraya, simu yake ya setilaiti, mfukoni, akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikalivuka daraja la Garsen kama inayofukuzwa. Maneno matatu tu ya mpasha habari wake, lakini aliyaelewa. Picha iliyoibwa Nairobi imefika bonde la Tana, na inaelekea majini.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa jasusi. Goti la kushoto lilimuuma tangu operesheni ya Witu.

Picha yenyewe ilikuwa ya rangi za mafuta, ya Mzee, mwanzilishi wa taifa, na kwa miaka mingi ililala ghalani mwa makumbusho. Oliver, mgeni aliyeajiriwa kukarabati picha, alishona kadi ndogo ya kumbukumbu nyuma yake. Ndani ya kadi mlikuwa na majina ishirini na matatu: raia wanaoipasha serikali habari za mpakani. Picha ilikuwa isafiri kwenye maonyesho ng'ambo, huko wenzake waifumue taratibu. Maonyesho yakavunjika.

Oliver akaamua kuiiba.

Darmi alisimama mbele ya duka la dawa za mifugo. Mukhtar, mwenye duka, alitoka haraka. Jina lake lilikuwa katika orodha ile. Darmi ndiye aliyemwingiza kazini.

"Abaayo, dada yangu, gari yao nimeona saa nne," Mukhtar alisema. "Pikap nyeupe. Imebeba picha ya Mzee, mingi. Mzungu anasema anapelekea shule."

"Polisi hawakuisimamisha?"

"Walisimamisha. Halafu wakapiga saluti."

Darmi alitikisa kichwa. Nani angethubutu kumlaza Mzee kifudifudi barabarani, ampekue mgongo?

"Sasa iko njia ya Kau," Mukhtar aliongeza. "Mtu wangu wa ng'ombe amepiga simu."

"Funga duka leo. Nenda kwa dada yako Hola."

"Kuna nini?"

"Nenda tu, ndugu yangu."

Mukhtar alimtazama usoni. "Wewe umechoka sana, abaayo."

"Najua."

Kabla ya Kau, barabara iligeuka tope. Land Cruiser ikazama hadi ekseli. Darmi alishuka, akatembea kilomita mbili katika jua la saa saba, akichechemea kando ya mashamba ya mpunga. Zamani angekimbia.

Akawaona.

Boti yenye injini ya Yamaha ilikuwa imefungwa ukingoni. Dereva alikuwa akipakia picha. Oliver alikuwa ameshika moja mikononi.

"Oliver. Weka chini."

Oliver aligeuka na bastola. Picha aliiinua kifuani kama ngao.

"Piga," alisema kwa Kiswahili safi. "Mtoboe baba wa taifa lako. Utoboe na unachokitafuta."

Picha zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa nakala za picha rasmi, za kuificha ile moja.

Darmi aliitazama ile ya kifuani. Mzee alikuwa akitabasamu, usinga mkononi. Sura ya ofisini. Lakini ile ya ghalani Darmi aliwahi kuonyeshwa na mtunzaji wake: Mzee ameketi, tai imelegea, macho mazito, kama mtu aliyetoka mkutano wa siku tatu. Hakuna ofisi iliyoitaka.

Macho yale sasa yalimtazama kutoka botini.

Bastola ya Darmi, Glock, ikalia mara moja.

Risasi ilipasua kona ya tabasamu, ikamwingia Oliver begani. Bastola yake ikadumbukia mtoni. Dereva akalala topeni bila kuambiwa.

Darmi alimfunga Oliver jeraha, kisha pingu. Akaingia botini, akafumua mshono kwa kisu. Kadi haikuzidi ukucha.

Akampigia Mramba, mkuu wake.

"Umeipata?"

"Ndiyo."

"Ilete nzima. Helikopta iko njiani."

"Mkuu, majina haya Oliver aliyapata wapi?"

"Hilo tutaongea ukifika."

"Wangapi wanaijua orodha hii hapo ofisini?"

"Wanne. Tunachunguza."

"Basi mmoja wenu aliiuza."

"Darmi, ilete. Ni amri."

Aliiweka kadi juu ya jiwe. Akaiponda kwa kitako cha Glock. Mara tatu. Vipande akavipangusia mtoni.

"Imevunjika, mkuu."

"Imevunjika vipi?"

"Kwa mkono wangu."

"Unajua nitakufanya nini?"

"Najua. Lakini wale ishirini na watatu hamtawauza tena kwa kadi hii."

Akazima simu.

Helikopta ilitua, ikiulaza mpunga. Darmi aliwakabidhi askari mateka wawili, na picha ile ya Mzee aliyechoka akaipitisha mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, akaifunga mkanda wa kiti.

"Panda, mama," koplo alimwita. "Nafasi ipo."

"Mpeni Mzee akae vizuri. Mimi nina gari la kukwamua."

Akageuka. Akaondoka polepole, mguu mmoja ukiburutika, wala hakuinua kichwa helikopta ilipompita juu.