Sketi Iliyopunguzwa Mara ya Tatu

Siku Redio alipokosekana, asubuhi katika nyumba ya fundi cherehani haikuwa na sauti.

Redio lilikuwa jina la utani la rafiki wa binti yake. Alikuwa msichana asiye na kitufe cha kuzimia. Kila siku alipita kumchukua mwenzake waende shule, na hakujua kubisha hodi taratibu.

"Hodi! Hodi! Jamani, hapa bado mnaota? Fundi, shikamoo! Mtoe huyo bibi harusi wako, tunachelewa!"

Fundi alikuwa akiitikia marahaba huku akicheka, pini zikiwa mdomoni.

Asubuhi hiyo hakuna aliyebisha. Redio alikuwa amelazwa hospitali kwa homa kali, na binti wa fundi akaenda kumwona. Kabla ya jua kuzama, habari ikafika mtaani kwamba amefariki.

Watu walipigwa na butwaa. Msichana aliyekuwa akipiga kelele mlangoni juzi! Kwenye mazishi wanafunzi walilia mpaka wakaishiwa sauti. Binti wa fundi hakulia. Alisimama kando ya mama wa marehemu, akamshikia mkoba.

"Mtoto jasiri huyu," majirani walisema.

Fundi alisikia, akaona fahari kidogo.

Maisha yakaendelea. Binti alivaa sare, akaenda, akarudi. Kila jioni fundi alimwuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa. Alizoea kumwita mama, kwa sababu binti alipewa jina la mama mzazi wa fundi.

"Habari za shule, mama?"

"Nzuri, baba."

"Masomo?"

"Mazuri."

"Umekula?"

"Nimeshiba."

Basi. Mguu wa fundi ukarudi kwenye pedali, na cherehani ikaendelea kulia.

Siku moja binti alimletea sketi ya shule. "Baba, nipunguzie kiuno. Inateremka."

Mama yake alikuwa mlangoni, amerudi kuuza mboga sokoni, kapu likiwa tupu. Akacheka. "Haya tena! Mimi nina kiuno kama pipa, mwenzangu anapungua bila jasho. Hebu nipe siri, mwanangu."

Binti alitabasamu kwa midomo tu.

Fundi akapunguza sketi. Hakukata kitambaa, alikikunja kwa ndani na kukishona. Sare ya mtoto haikatwi, maana mtoto anakua. Baadaye binti akairudisha tena. Fundi akaipunguza tena.

"Imekukaa kama umezaliwa nayo," alijisifu.

"Asante, baba."

Mara ya tatu binti hakusema kitu. Aliiacha sketi juu ya cherehani, akavaa ile nyingine ya akiba, akaifunga kwa mkanda na kuondoka.

Fundi alikuwa akiishona sketi hiyo mwalimu alipoingia. Alikuwa mwalimu wa malezi wa shule ya sekondari, yule anayeshughulikia matatizo ya wanafunzi.

"Karibu, mwalimu! Leo ni gauni au ni blauzi?"

"Asante, fundi. Leo sikuleta nguo." Mwalimu akavuta kiti. Macho yake yakatua kwenye sketi. "Naona kidato cha kwanza wameanza kukuletea sare. Huyo mtoto ni mdogo sana!"

"Hiyo?" Fundi akacheka. "Hiyo ni ya binti yangu. Yuko kidato cha tatu. Si unamfahamu, mwalimu?"

Mwalimu hakucheka. Aliishika ile sketi kiunoni kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akamtazama fundi.

Fundi naye akaitazama. Aliichukua futi yake ya kupimia, akaipitisha kiunoni mwa sketi. Akaipitisha tena. Huyu alikuwa mtu anayeweza kukukadiria mwili ukiwa upande wa pili wa barabara. Alikuwa ameshona kiuno hiki kwa mikono yake mwenyewe, na hakukiona.

"Mungu wangu," alisema.

"Fundi," mwalimu alisema polepole, "nimekuja kumjulia hali. Wenzake wanasema ana homa. Anaendeleaje?"

"Homa? Yuko shule."

"Hayuko shule. Wiki hii yote hajafika."

"Mwalimu, asubuhi nimemsalimia! Ametoka na begi! Nimemwuliza habari, akasema nzuri!"

Futi ilimponyoka, ikaanguka sakafuni. Alisimama ili akamtafute, akakaa, akasimama tena.

"Nitamchapa," alisema. "Hapana. Sijui. Mwalimu, mwanangu anakwenda wapi?"

"Jioni huwa anarudi saa ya kawaida?"

"Huwa anarudi."

"Basi kwanza mpigie simu mama yake arudi nyumbani. Halafu nikuambie nilichokuja kukuambia. Sisi shuleni tumekosea, fundi. Redio alipofariki, mwalimu mkuu alitangaza mstarini. Tukasimama kimya dakika moja. Kisha tukaingia darasani kwenye mtihani. Wiki ileile kiti chake tukampa mwanafunzi mgeni. Mwanao alikuwa akikaa kiti cha pembeni yake. Hakuna aliyemwuliza kitu. Tulimwona ametulia, tukasema huyu hana shida."

"Lakini mimi nilimwuliza. Kila siku nilimwuliza!"

"Ulimwuliza habari."

"Ndiyo."

"Fundi, ukiniuliza habari nami nimefiwa jana, nitakujibu nini?"

Fundi alifikiri. "Utasema nzuri."

"Nitasema nzuri kwanza, halafu ndipo nitasema nimefiwa. Tena ukinipa nafasi. Jibu la habari hutoka lenyewe. Mdomo hulisema kabla ya moyo. Mwanao hakukudanganya. Alikuitikia salamu."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Nimwulize nini basi?"

"Mwambie ulichokiona kwa macho. Sketi. Mwili unaopungua. Kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie ajikaze, usimlinganishe na wengine. Kuacha kula, kukosa usingizi, kukimbia shule, kujitenga na watu, hizo ni dalili kwamba mtoto amelemewa. Si uvivu, wala si jeuri." Mwalimu akasita. "Na kuna swali moja zito. Mwulize kama huwaza kufa."

"Mwalimu! Nimtie maneno hayo kichwani?"

"Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Kama lipo, atapata mtu wa kumwambia. Akikubali, msimwache peke yake. Dawa na vitu vya hatari viwekeni mbali. Nipigieni simu saa hiyohiyo, twende naye kwa mtaalamu hospitali. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unatibiwa."

Binti alirudi jioni, begi mgongoni, viatu safi. Alimkuta baba yake ameketi mbali na cherehani. Jambo hilo peke yake lilimshtua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kaa." Neno habari lilimfika fundi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. "Leo nimepima sketi yako. Nimeogopa sana."

Binti alitazama sakafu.

"Mwalimu alikuja. Sitakupiga. Nataka kujua tu unakwenda wapi."

Fundi alitamani kuongeza neno, lakini alikumbuka alivyoambiwa. Aliuma meno, akangoja.

"Hospitali," binti alisema.

"Unaumwa?"

"Nakaa kwenye benchi nje ya wodi. Pale nilipokaa siku ile wakati Redio yuko ndani. Pale hakuna anayekushangaa. Watu wanadhani unasubiri mgonjwa."

Kutoka asubuhi hadi jioni, mwanawe alikuwa akimsubiri mtu aliyekwisha kuzikwa!

"Aliniambia nisiondoke," binti aliendelea. "Mimi nikaenda kununua maji. Niliporudi walikuwa wamefunga pazia."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Mwanangu, jika..." alianza. Fundi aliinua mkono. Mama akaacha neno katikati, akaja kuketi sakafuni, akamshika binti miguu.

Fundi alivuta pumzi. Swali lilikuwa zito kuliko mzigo wowote aliowahi kubeba. "Mama, huwa unawaza kufa?"

Binti aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, macho yalijaa machozi.

"Wakati mwingine natamani nilale, nisiamke."

Mama yake alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano. Fundi alitaka kusema usiseme hivyo, tena aliseme kwa ukali. Badala yake akasema, "Asante kwa kuniambia. Hatutakuacha peke yako."

Ndipo binti akalia. Alilia kwa kelele, kilio cha wiki nyingi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Fundi alimpigia simu mwalimu. Kisha alikusanya mkasi mkubwa, wembe wa kufumulia na dawa zote za nyumbani, akavifungia vyote sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni. Mama alilala chumba kimoja na binti yake. Asubuhi wakaenda hospitali wote wanne, mwalimu akiwemo. Safari hii binti hakukaa nje ya wodi. Aliingia katika chumba cha mshauri, akazungumza naye wawili tu, mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa amechoka, lakini aliomba chai.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mshauri alitaka kumwona kila wiki. Aliwaeleza wazazi kwamba binti anajilaumu kwa yale maji, na kwamba lawama hiyo haiondoki kwa kuambiwa aiache. Inahitaji kusemwa mara nyingi, mbele ya mtu asiyechoka kusikia. Shuleni alianza kwa nusu siku. Mwalimu wa malezi alimwambia kwamba akizidiwa darasani anaweza kutoka na kwenda ofisini kwake bila kuomba ruhusa.

Siku moja mwalimu aliwakusanya wanafunzi wa darasa lile, akawaomba wamzungumzie Redio. Mwanzoni walitazamana. Kisha mmoja akaiga sauti yake: "Jamani, hapa bado mnaota?" Darasa zima likaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. Ikaonekana kwamba si binti wa fundi peke yake aliyekuwa akikosa usingizi. Hata yule mwanafunzi mgeni alikuwa akiogopa kuegemea kile kiti.

Tangu siku hiyo mwalimu huyo haridhiki na salamu moja. Huuliza habari, akajibiwa nzuri, kisha huuliza tena: "Na ya kweli?" Wanafunzi walimcheka kwanza. Walimwita Mwalimu Na-ya-Kweli. Lakini walianza kujibu.

Nyumbani kwa fundi nako swali hilo limeingia.

"Habari za shule, mama?"

"Nzuri, baba."

"Na ya kweli?"

"Leo mbaya kidogo. Nimemkumbuka."

Fundi huinua mguu kwenye pedali, akageuza kiti.

Sketi ile ilikuwa na mikunjo mitatu kwa ndani. Wiki iliyopita binti aliileta mwenyewe, akasema inambana. Fundi amefumua mkunjo mmoja. Imebaki miwili.