Nilimtuma Mume Wangu Akampe Pole Seneta

Nina umri wa miaka thelathini na minane. Ni muuguzi hapa Doha, na ninaishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye chumba ninachokaa na wauguzi wenzangu wawili. Majina nimeyabadilisha na nchi yangu sitaitaja, maana aliyenitenda haya ni mtu wa kuonekana kwenye runinga. Ndugu wasomaji, ninaandika machozi yakinitoka... mnivumilie.

Nilipokuja huku, mume wangu Baba Stella alikuwa mwalimu tu, na binti yetu Stella ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baadaye siasa zikamchukua baba yake. Akaingia Seneti, bunge la juu la nchi yetu, na haukupita muda chama kikamfanya kiongozi wa shughuli. Watu waliniuliza, mke wa mheshimiwa bado unafunga watu bandeji Uarabuni? Ni yeye aliyesema nisubiri. Siasa haina dhamana, aliniambia, leo uko ndani kesho uko nje, kwa hiyo tuache mguu mmoja Doha. Nikamwona ana akili!

Sasa sikieni kazi yenyewe ilivyo, maana ndiyo iliyonimaliza. Mimi nilidhani ni kuvaa suti na kupayuka. Kumbe kila siku anapanga muswada gani utangulie na hoja gani isubiri, nani asimame kuongea, nani azuiwe kabla hajaharibu. Na juu ya yote hayo, lazima ahakikishe wenzake wamo ukumbini saa ya kupiga kura. Na maseneta hununa, jamani! Huyu hakusalimiwa kwenye ngazi, yule kanyimwa safari... basi hawaji, na muswada unakufa.

Baba Stella hakuwa na kipaji hicho. Ni mtu wa kusahau hata siku yake ya kuzaliwa. Mimi je? Kazi yangu wodini ni kukumbuka nani anaogopa sindano na nani hali nyama. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla basi la hospitali halijanichukua, alinipigia simu tukaipanga siku yake.

"Mama Stella, leo Mzee Daudi amekataa kabisa. Nifanyeje?"

"Si mkewe alipasuliwa jicho juzi? Umemuuliza anaendeleaje? Muulize hilo kwanza. Kura utaiomba jioni."

Alikuwa akicheka na kuniambia kwamba kiongozi ni mimi, yeye ni mdomo tu. Wasomaji, maneno hayo niliyabeba siku nzima nikisukuma vitanda! Niliwajua maseneta wale kwa magonjwa yao, kwa watoto wao, kwa chai yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona.

Kila tulipomaliza ndipo nilipomuulizia Stella. Anaoga. Anavaa. Ameshatoka na gari la shule. Basi langu nalo likapiga honi nje, nikakata simu. Kesho, nilijiambia, kesho nitaongea naye.

Likizo yangu ilipofika, Baba Stella alinisihi nisije. Bajeti iko mezani, alisema, utanikuta mlangoni tu. Nikaiahirisha. Likizo iliyofuata nayo ikaangukia kwenye muswada wa maji, ule uliompa jina. Nikaahirisha tena... mjinga mimi!

Ni kwenye muswada huohuo kura moja ilipopungua. Aliyekuwa hajaamua alikuwa seneta mmoja mama, nitamwita Agnes. Mumewe alikuwa amefariki siku chache nyuma. Baba Stella alitaka kutuma shada la maua na kadi. Nikamfokea!

"Shada litapotea kwenye mashada ya wenzako! Nenda mwenyewe. Kaa. Usitaje muswada hata kidogo. Na umchukue Stella, mtoto huchangamsha nyumba yenye msiba. Halafu urudi tena matanga yakiisha, maana hapo ndipo wengine wote husahau."

Ni mimi niliyesema hayo. Kwa mdomo wangu huu!

Muswada ukapita. Nilinunua keki nikawagawia wenzangu wodini, hata hawakujua tunasherehekea nini. Baada ya hapo simu za alfajiri zikapungua, kisha zikakoma. Nikipiga mimi, anasema mambo yote yako sawa. Nilifurahi, mnaamini? Nilidhani amekomaa kazini.

Siku moja ya mapumziko yangu nilikuwa mtaa wa Najma, kwa Mama Vero anayetusuka nywele chumbani kwake. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye mkebe wa mafuta, natazama kikao cha Seneti moja kwa moja. Mama Vero huwa ananitania kwa hilo.

"Aki wewe! Wenzako wanawatch series, wewe unaangalia wazee wakisinzia?"

Kule Seneti, kabla shughuli hazijaanza, Spika hutangaza wageni waliokaa roshani, mara nyingi watoto wa shule, na kiongozi husimama kuwakaribisha. Siku ile alitaja shule ya Stella. Niliruka kitini nywele zikiwa mkononi mwa Mama Vero! Niliwaambia wanawake waliokuwa wakingoja zamu, shule ya mwanangu hiyo, na anayesimama kuwakaribisha ndiye baba yake!

Baba Stella akawakaribisha vizuri, akaketi. Kisha Seneta Agnes akasimama.

"Mheshimiwa Spika, nami nawakaribisha watoto hawa kama mzazi. Kati yao yumo binti yangu. Stella, mama anakuona!"

Maseneta wakapiga meza kwa furaha. Kamera ikapanda roshani... na nikamwona. Stella wangu, meno ya mbele yameng'oka, anapunga mikono yote miwili. Alikuwa anampungia yule mama. Baba yake ameinamia karatasi zake.

Mnajua kilichonichoma zaidi? Zile meza. Hakuna aliyeshangaa! Walikuwa wanajua wote, na Mzee Daudi alipiga meza kuliko mtu yeyote. Nilimuuliza Mungu, hawa si ndio watu niliowatunza?

Mama Vero aliacha kusuka. "Si huyo ni msichana wako?"

"Ndiye."

"Sasa huyo anajiita mama ni nani?"

Nilitoka nje na nywele zangu nusu zimesukwa nusu zimesimama, jua la Najma likiwaka, na wanaume waliokuwa wakinywa chai ya karaki nje ya mgahawa wakanikodolea macho. Sikuona hata aibu. Nilitembea tu nikilia kwa sauti.

Jioni Baba Stella alipokea simu. Sikumsikia akiomba msamaha.

"Mama Stella, usilikuze jambo. Mtoto alihitaji mama wa karibu. Na wewe mwenyewe ulisema nirudi matanga yakiisha."

Niliomba ruhusa ya dharura nikapanda ndege hadi nyumbani. Stella alikuja sebuleni polepole, akanipa mkono kwa adabu zote. "Shikamoo, Mama wa Doha." Gauni nililomletea halikupita hata mabegani. Asubuhi nikaamka mapema nimkaangie mayai, angalau ale chakula changu. Akaisukuma sahani.

"Mimi sili mayai. Yananiletea vipele. Mama anajua."

Mimi ni muuguzi, jamani! Nikiingia zamu, hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mgonjwa nisiyemjua. Mwanangu sikuwahi kumuuliza.

Nimerudi Doha kumaliza miezi iliyobaki ya mkataba, kisha naenda nyumbani moja kwa moja, apende asipende. Sijui mahakama itasema nini nikimdai mwanangu. Yeye ana jina na mawakili, mimi nina cheti cha kuzaliwa cha mtoto na uchungu nilioupata nikimzaa.

Dada zangu mlio huku, na kaka zangu pia, nawasihi. Likizo yako ikifika, nenda! Usiambiwe kuna kazi kubwa, kuna kikao, kuna muswada. Na kama una dakika chache tu za simu kabla basi halijafika, mwombe mtoto kwanza. Hao wakubwa wana watu wengi wa kuwakumbuka.

Siku hizi alfajiri nampigia Stella. Baba yake ameliruhusu hilo. Mwanzoni alikuwa akijibu ndiyo na hapana basi, lakini jana alininong'oneza kwamba anaogopa kulala taa ikizimwa, na kwamba kuna usiku hukojoa kitandani.

"Lakini usimwambie mama," akasema.

Nilimwahidi sitamwambia.