Neno Lililozima Kompyuta

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu. Mimi kuchekesha najua, kutisha sina ujuzi. Mwaka tisini na sita Bi Shamshad wa hapa Tanga alimwita rafiki yangu Khozema, fundi kompyuta. Mashine ilijizima kila ulipoandikwa mwaliko wa khitma ya arobaini ya mumewe Esmailji, baba wa binti yao Nilofer, na siku zilibaki mbili. Mjane yumo edani, madirisha kafunga, anasemea nyuma ya pazia.

Khozema kabadilisha waya, kasafisha feni. Wapi! Akiandika tu "marehemu Esmailji", feni inakoroma, inakata roho, chumba giza tii. Mara ya tano akanipigia simu.

"Lifute hilo 'marehemu', bwana wee!" nikamwambia, nacheka.

Akalifuta. Mashine ikatulia, haikuzima tena.

Kisha Khozema akasikia mitalawanda, vile viatu vya mbao, uani, ko, ko, ko, ikaingia ndani, ikakoma nyuma ya pazia.

"Baba Nilofer," Bi Shamshad akasema taratibu, "mbona umechelewa hivi?"

Msimlaumu fundi, jamani. Aliyesema lifutwe ni mimi.