Magunia Niliyoyahesabu Mlangoni

Nyumbani kwetu hatukuamshwa na jogoo. Jogoo mwenyewe aliamshwa na pampu. Kila alfajiri Baba alivuta kamba ya mashine mara tatu, mashine ikakohoa kama mtu aliyemeza moshi, kisha maji yakaanza safari yake kwenda kwenye mashamba ya mwajiri wake. Hapo ndipo jogoo alipokurupuka na kuwika kwa haraka, kama mwanafunzi aliyechelewa anayejifanya alikuwepo tangu mwanzo.

"Karani, umeamka, au bado unapiga mihuri huko kitandani?" Mama aliita.

Karani si jina langu. Nilibandikwa jina hilo na Baba nilipokuwa darasa la tatu, kwa sababu ya mwandiko wangu. Tangu hapo kila kilichohitaji kuandikwa nyumbani kilikuja kwangu, na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa.

Jumapili moja baada ya chai, Baba aliweka daftari jipya mezani na bahasha tano kuukuu. Mwenye shamba alikuwa ameleta pampu mpya na mtu wake wa kuiendesha. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa imeisha. Tulitakiwa kutoka Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Tulikuwa na nyumba yetu ndogo ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku kwa trekta.

"Fedha tuliyonayo ni ya safari moja," Baba alisema. "Kwa hiyo hatuhami kwa kubahatisha. Tunahama kwa daftari."

Niliandika juu ya kila bahasha: Trekta. Wapakizi. Magunia mapya. Chakula cha njiani. Dharura. Baba aligawa noti polepole, huku akilamba kidole. Bahasha ya dharura ilikuwa nyembamba kuliko zote.

"Dharura yetu imekonda," Mama alisema. "Mpe maziwa." Yeye mwenyewe hakuwa amekonda hata kidogo. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na akiketi ilibidi meza isogezwe.

Kazi yangu ilikuwa kuorodhesha kila kitu: nyumba, jiko, uani na ghala. Kwenye ghala Baba alininyooshea kidole.

"Ghalani usihesabu kwa macho. Ingia mpaka nyuma, pitisha mkono chini ya kila gunia. Panya na mchwa hawaanzii mbele, wana adabu ya kujificha. Ukikuta gunia bovu, andika, ili tununue jipya."

Vyumbani niliandika kwa raha. Mapipa mawili ya maji, matupu. Ndoo sita, tupu. Sufuria kubwa mbili, tupu. Nilihesabu mpaka vijiko. Kisha nikafika kwenye mlango wa ghala, na miguu yangu ikakumbuka jambo.

Jana yake rafiki yangu Njugu, wa nyumba ya pili, alikuwa amenionyesha gamba la nyoka pembeni mwa mlango ule. Tulimwita Njugu kwa sababu mfuko wake haukukosa karanga, na mdomo wake haukukosa habari. "Refu kama mkanda wa mwalimu mkuu," alisema huku akitafuna. "Na mwenyewe yuko ndani. Nyoka akivua gamba anakuwa na njaa ya siku saba."

Nilisukuma mlango. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya vumbi la mahindi. Nikatia mguu mmoja.

Shhhhh.

Mguu uliganda. Sauti ikanyamaza. Nilisubiri.

Shhhhh.

Sikumbuki nilitokaje. Nilijikuta uani nimekumbatia daftari, kuku wakinitazama kwa dharau. Kurudi sikurudi. Nilichungulia tu kutoka mbali: mbele kulikuwa na magunia manne, na safu zilikuwa tatu. Nne mara tatu kila mwanafunzi anajua. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Magunia ya mahindi, kumi na mawili. Mazima yote.

Baba alisoma, akatabasamu. "Umepitisha mkono?"

"Ndiyo, Baba."

Ile ndiyo ilitoka kirahisi kama kupiga chafya. Baba akaichukua bahasha ya magunia mapya, akaimwaga. "Basi hizi zinakwenda kwenye mbao na misumari ya ghala jipya." Jumatatu akanunua mbao, akampa fundi wa ng'ambo ya mto alijenge kabla hatujafika. Bahasha akaigeuza ndani nje na kuitundika kwenye msumari, na kila nilipopita niliiona imeninyooshea mdomo wazi.

Kuanzia hapo nikaanza kuishi na hofu mbili. Moja ilikuwa ndani ya ghala. Ya pili ilikuwa ndani ya daftari, na hii ndiyo iliyonifuata mpaka darasani. Mwalimu akisema "hesabu", mimi niliona magunia ubaoni. Nikipita uani, masikio yalisimama yenyewe. Mara kimya, mara shhhhh. Chakula kilikuwa kikigeuka mchanga mdomoni.

"Unaumwa?" Mama aliuliza.

"Hapana. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na sahani imejaa?"

Jumatano dereva wa trekta alikuja kukagua mzigo. Watu walimwita Risasi, kwa sababu trekta lake lilipitwa hata na watu waliobeba kuni. Alizunguka nyumba huku akigonga kila kitu kwa fimbo.

"Magunia ni imara?" aliuliza. "Barabara ile ina mashimo ya kumficha ndama. Gunia bovu likipasuka katikati ya mto, samaki watanenepa, nyinyi mtakonda."

"Karani wangu amekagua moja baada ya jingine," Baba alisema, akaniwekea mkono begani.

Mkono ule ulikuwa mzito kuliko fimbo. Nilitazama chini, nikaanza kuhesabu vidole vyangu vya miguu, walau hivyo nilikuwa na hakika navyo.

Risasi aliinua macho kwenye mawingu ya upande wa milimani. "Kukinyesha kule, mto unafunga wiki nzima. Nitavuka mara moja. Kilichobaki nyuma si changu."

Alhamisi, tukitoka shule, nilimweleza Njugu yote. Aliacha kutafuna, jambo ambalo kwake lilikuwa kama dua.

"Nyamaza tu," alisema. "Yakipasuka, utasema ni panya."

"Watasema mbona sikuwaandika panya."

"Basi sema walikuja baadaye. Nani atawauliza?"

Nilicheka kidogo, kwa dakika moja hivi. Lakini nilipofika nyumbani nilimkuta Mama mkekani, anakunja vinguo vidogo vya mtoto na kuvipanga katika sanduku la bati.

"Mwaka huu wala sina wasiwasi," alisema, akijipapasa tumbo. "Mtoto atakuja, mimi sitaweza kulima mara moja, lakini chakula kipo. Kumi na mawili yanatufikisha mpaka mavuno."

Niliweka mkoba chini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Baba alikuwa ameinama anakaza nati, mashine inanguruma.

"Baba, sikuingia," nilisema.

"Nini?"

"Sikuingia."

"Sema kwa nguvu, mashine inapiga kelele."

Nikavuta pumzi, nikasema kwa nguvu zote, "Sikuingia ghalani." Baba akanyoosha mkono, akazima mashine. Ilibidi niseme tena, safari hii bila kelele ya kujifichia.

"Sikuingia ghalani. Nilihesabu mlangoni. Kuna nyoka, nilimsikia. Sijui kama magunia ni mazima. Niliandika tu."

Baba alichukua kitambaa, akaanza kufuta grisi kidole kimoja baada ya kingine. Alifuta vyote kumi. Nilikuwa tayari kwa lolote, isipokuwa ule utulivu.

"Lete tochi," alisema hatimaye. "Na fimbo ndefu."

Tuliingia pamoja, yeye mbele, mimi nimeshika shati lake. Hatua ya tatu, shhhhh. Baba alisimama ghafla. Nilihisi mgongo wake umekakamaa, nikatambua kwamba hata Baba anaogopa. Akainua tochi polepole, ukutani, kwenye nguzo, nyuma ya magunia.

Hakukuwa na nyoka. Katika gunia la safu ya kati palikuwa na tundu lililotafunwa na panya, na punje za mahindi zilikuwa zikitiririka humo juu ya turubai kuukuu la plastiki, nyembamba kama uzi. Shhhhh. Zikakwama. Zikaanza tena.

"Nyoka wako huyo," Baba alisema. "Ulimsikia lini?"

"Jumapili."

"Na leo Alhamisi." Tochi ilisema yaliyobaki: lundo la mahindi lilikuwa linafika kwenye magoti yangu, na panya walikuwa wameshaacha kinyesi chao pembeni mwake.

Safu ya nyuma ilikuwa mbaya zaidi. Baba alipitisha mkono chini ya gunia, na kitako cha gunia kikabaki mkononi mwake, kimejaa udongo wa mchwa. La pili hivyo hivyo, na la tatu, na katika safu ya kati tulikuta jingine lililotafunwa. Safu ya nyuma haikuwa na la nne. Hata hesabu yangu ya nne mara tatu ilikuwa ya uongo. Magunia yalikuwa kumi na moja, na matano kati yake yasingefika hata getini.

Tulirudi mezani. Mama alisikia yote, akaviweka mapajani vile vinguo vidogo.

"Soko la magunia ni Jumatatu," Baba alisema. "Dukani yapo, lakini dharura inatosha gunia moja tu. Karani, fungua daftari. Soma kila kitu, tuone tunaacha nini."

Nikaanza kusoma. "Kitanda kikubwa kimoja. Kabati moja. Mapipa mawili ya maji, matupu. Ndoo sita, tupu. Sufuria kubwa mbili, tupu..." Nikasita. Nikarudia mstari. "Baba, hivi vyote vinasafiri vikiwa vitupu?"

Baba alinitazama, kisha akamtazama Mama.

"Mapipa yameoshwa jana," Mama alisema. "Tukiyaanika kesho yatakuwa makavu. Na kila pipa linameza gunia na nusu, nimewahi kuweka."

"Yakijaa hayabebeki," Baba alisema.

"Nani kasema yajazwe chini? Tunayapandisha kwenye tela matupu, tunayajazia huko huko juu."

Baba akaanza kuhesabu kwa kidole mezani. Mapipa mawili, magunia matatu. Ndoo sita na sufuria mbili, gunia moja na kidogo. Lililobaki, gunia jipya la dukani. Alipomaliza, akanigeukia.

"Sasa nenda ghalani. Peke yako. Yale sita yaliyobaki, pitisha mkono."

Nilikwenda. Sitadanganya tena, niliogopa kuliko Jumapili, ingawa nilijua sauti ile ni ya nini. Nilishika tochi kwa meno, nikaingiza mkono gizani chini ya gunia la kwanza, nikitarajia kitu baridi kiuguse. Kilichonigusa kilikuwa mbao kavu. La pili. La tatu. Nilipomaliza la sita, jasho lilikuwa limeufikia mkanda wangu, lakini nilikuwa nimejua, si kubahatisha. Mlangoni nililiokota lile gamba. Lilivunjika mkononi kama karatasi ya zamani.

"Mwenye hilo alishahama kitambo," Baba alisema uani. "Na hakuhitaji trekta."

Ijumaa alasiri tulipepeta mahindi yaliyomwagika. Njugu alikuja kusaidia, akasimama mbali na mlango mpaka nilipomwapia mara tatu. Yaliyochafuliwa tuliwamwagia kuku. Tulipoteza karibu debe moja, na niliandika: Debe moja, limeharibika kwa sababu sikuingia.

Jumamosi mawingu yalikuwa meusi toka asubuhi. Risasi alikuja, akaona mapipa yanajazwa juu ya tela, akaguna, "Leo mtasafiri na visima vya mahindi." Tulipofika mtoni maji yalikuwa yameshapanda mpaka katikati ya magurudumu, ya kahawia, yanavuta. Trekta liliyumba. Mama alifumba macho, mkono mmoja tumboni, mwingine umenishika. Mimi niliyakodolea macho magunia, nikiwazia kitako cha kila moja. Tela lilidunda kwenye jiwe mara moja, mara mbili. Hakuna kilichopasuka. Tulipokuwa tukipanda ukingo wa pili, mvua ikaanza, na Risasi hakutazama nyuma.

Jioni, mzigo ukiwa umeshushwa, Baba aliketi karibu nami kwenye mbao zilizobaki.

"Sikukasirishwa na woga wako," alisema. "Mimi mwenyewe uliniona pale. Mtu akisema anaogopa, tunampa tochi na mwenzake wa kuingia naye, basi. Lakini akiandika 'mazima', watu wote nyumbani wanaegemea neno lake: fedha inahamishwa, mama yako analala bila wasiwasi. Kama ungesema leo mtoni badala ya juzi, mwandiko mzuri usingetusaidia kitu. Mpango wa nyumba ni mzuri kadiri ya ukweli ulioandikwa ndani yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

"Haya, kaandike vilivyofika."

Ghala jipya lilikuwa na giza lake jipya, na harufu ya mbao. Nilisimama mlangoni kidogo, kisha nikaingia mpaka nyuma. Nilipotoka, Baba aliuliza swali lile lile la Jumapili.

"Umepitisha mkono?"

Safari hii sikujibu kwa mdomo. Nilimnyooshea mkono wangu wa kulia, uliojaa vumbi la mahindi kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye kiwiko.