Moyo Si Kamba ya Lifti

Lifti ya hospitali ilipokwama, watu walijazana ukumbini wakisonya. Msusi alikuwa miongoni mwao, amevaa gauni la zambarau na viatu bapa, mkono mmoja ukutani. Mfagizi alimwona, akapindua ndoo yake, akaipangusa kwa aproni, akamkaribisha akae.

Mara kichwa kikachomoza kwenye shimo la lifti, kimetapakaa grisi hadi sikioni.

"Fundi, leo tutafika kweli?" msusi aliuliza.

"Dada, ukinicheka nitafunga skrubu vibaya."

"Sijakucheka."

"Basi nicheke. Nimechoka kutazama walionuna."

Akacheka. Lifti ilipotengemaa, fundi alimbebea mkoba hadi juu, ingawa ndani mlikuwa na chupa ya maji tu.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Muda si mrefu fundi akampeleka kwa mama yake, mjane mwenye nywele nyeupe laini. Msusi alimsuka siku ileile, polepole, bila kumvuta. Tangu hapo mama akatangaza kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa kichwa chake.

Msusi naye hakuficha yake. Alikuwa amepata mshtuko wa moyo saluni, vidole vikiwa kwenye nywele za mteja. Hakuwa na presha wala kisukari. Ukuta wa mshipa unaolisha moyo ulichanika tu, jambo la nadra ambalo mara nyingi huwapata wanawake wasio wazee. Mshipa ukaunga. Sasa alikuwa kwenye utafiti pale hospitalini pamoja na wenzake wachache, wakitembea juu ya mashine ili mioyo ijifunze kazi upya.

Fundi alisikia "ulichanika". Hakusikia "ukaunga". Kazini kwake, kamba ya chuma ikianza kukatika nyuzi, mzigo hupunguzwa. Akaanza kumpunguzia mpenzi wake mzigo. Utani ukaisha.

"Gauni hili limenipendeza?"

"Limekupendeza."

"Na lile?"

"Nalo."

"Tugombane basi, hata kidogo!"

"Pumzika, mpenzi."

Kisha mama yake akaugua ghafla, akafariki. Fundi hakumwambia mpenzi wake. Msusi alipopiga simu, alisikia sauti za watu wengi.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Mama hajambo? Nywele zake zitakuwa zimefumuka. Nije Jumamosi?"

Fundi alikuwa amesimama nje ya chumba alimolazwa maiti. "Hajambo. Usije, wanapaka rangi nyumba."

Jirani wa mama ndiye aliyefika saluni baadaye kumpa pole. "Hatukukuona mazishini, mwanangu. Tukajua unaumwa." Kitana kilimponyoka msusi.

Jioni alimpigia fundi. "Nilidhani napendwa. Kumbe nimewekwa kabatini kama glasi."

"Niliogopea moyo wako."

"Umeninyima kumlilia. Umeninyima hata kumsuka mara ya mwisho. Usinipigie tena."

Fundi hakumpigia. Lakini baada ya kukosa usingizi sana, alikwenda kwa daktari wa ule utafiti, mama mtu mzima aliyezoea kupasha moto kipimo cha moyo kiganjani kabla ya kukigusisha kifua cha mgonjwa.

"Habari za mgonjwa wangu sikupi," daktari alisema. "Niulize habari za moyo."

"Ukishachanika, si unapunguziwa mzigo? Kama kamba?"

"Kamba iliyokatika nyuzi huunga?"

"Haiungi. Tunaitoa, tunafunga mpya."

"Moyo ni nyama hai, mwanangu. Tunaupa kazi kidogo kidogo, ndivyo unavyopata nguvu. Huzuni ni mzigo, sikatai. Lakini ni mzito zaidi ukiubebeshwa peke yako, tena umeshadanganywa."

Siku ya zoezi fundi alimsubiri msusi ukumbini. Alikuja na kilemba cheupe, uso umesinyaa. Lifti ilikuwa wazi. Akaipita.

"Mimi napanda ngazi. Ukiwa na neno, nifuate."

Walipanda hadi kwenye kona, penye dirisha.

"Mama aliniulizia?"

Fundi alishika reli. Jibu jepesi la uongo lilikuwa mdomoni. Akalimeza.

"Aliuliza mpaka sauti ikakata. Nilimwambia uko njiani."

Msusi aliketi palepale, mkono kifuani, mabega yakitikisika. Fundi akatoa simu amwite nesi.

"Weka simu," alisema msusi. "Siumwi. Nalia."

Akaiweka. Akaketi ngazi ya chini yake, akalia naye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mfagizi alishuka na ndoo, akawaona, akarudi juu kufagia alipokwisha kufagia.

"Nisamehe," fundi alisema. "Nataka kukuoa. Nitakuambia yote, hata yatakayokuliza."

"Na utanibishia?"

"Kuanzia sasa. Kilemba hicho hakikupendezi."

Kicheko kikamtoka huku machozi yakitiririka. "Mshamba wewe. Kesho nipeleke kaburini kwanza. Nikishasema na Mama, nitakujibu."

Akasimama. Fundi akaudaka mkoba wake kwa mazoea, akasita, kisha akamvika begani aubebe mwenyewe. Wakaendelea kupanda.