Njaa Mbele ya Samaki

Wewe ulimwona. Usikatae. Ulipita mtaa wa Mulongwe asubuhi ukienda sokoni, ukaona mtoto amekaa kwenye kizingiti, uso mviringo, miguu minene. Ukasema, "Kumbe watoto wa wakimbizi wananona!" Ukaendelea na safari yako. Hukujiuliza kwa nini mtoto wa miaka mitatu anakaa kimya wakati wenzake wanafukuza kuku.

Mtoto yule ana jina. Anaitwa Hagenimana. Hii ni habari yake, ya mwaka wa sitini na sita. Isome pole pole, maana inakuhusu.

Azarias, baba yake, na Abigaïl, mama yake, walitoka juu, kwenye milima iliyo nyuma ya Uvira, wanakofuga ng'ombe. Huko Hagenimana alikunywa maziwa asubuhi na jioni. Azarias alikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja. Halafu vita ikapanda mlima. Waasi walichinja ng'ombe, wakasema wanakula kwa ajili ya ukombozi. Askari wa serikali wakafuata, wakachinja waliobaki, wakasema wanakula kwa ajili ya amani. Siku ya uhuru, miaka sita tu nyuma, wakubwa walisimama juu ya meza wakatuambia kwamba hakuna mtoto wa Kongo atakayelala na njaa tena. Wao wamesahau. Sisi hatujasahau.

Ng'ombe mmoja alipona, jike mwekundu aitwaye Bihogo. Ndagijimana, mdogo wake Azarias, alimficha mbali, katika bonde lisilo na njia. Wengine wote wa nyumba ile walishuka kwa miguu mpaka Uvira: Azarias, Abigaïl, mtoto, na bibi yake mtoto, Nyirakamana, aliyemzaa Azarias.

Walipata chumba kimoja cha udongo karibu na mto. Jirani yao alikuwa Apollinarie, mjane wa Kifuliiru, kabila la wenyeji wa huku, muuzaji wa ndagala. Ndagala ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanaoanikwa mchangani mpaka wakauke. Apollinarie alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na kunyamaza hakujua.

Azarias alipata kazi ufukweni, kuvuta nyavu na kubeba vikapu. Alilipwa kwa ndagala, makopo mawili au matatu kwa siku. Lakini hakuwaleta nyumbani hata siku moja. Aliwabadilisha pale pale kwa unga wa muhogo. Kisha alisugua mikono kwa majivu na mchanga, akanusa vidole, akasugua tena.

Apollinarie alikuwa akimtazama na kucheka.

"Azarias, weye unaogopa nani? Muke wako?"

"Naogopa mama."

"Na mama iko anaogopa nini?"

"Mama Apollinarie, muntu wa maziwa hakulake samaki. Ukimula, maziwa ya ng'ombe zako yanakauka. Ni vile tulikuta kwa wazee."

"Na ng'ombe yenyewe iko wapi?"

"Imebaki moja. Iko kule juu."

"Kule juu! Itasikia harufu toka hapa mpaka kule? Basi ile haiko ng'ombe, ile ni pua tu!"

Azarias alicheka naye. Lakini mikono aliisugua.

Nyumbani walikula bugali ya muhogo na lengalenga kidogo, majani ya kuchemsha. Kesho yake bugali tena. Tumbo lilijaa. Hakuna aliyelala bila kula, na Azarias alimshukuru Mungu kwa hilo kila jioni.

Baada ya miezi mitano uso wa Hagenimana ukaanza kuwa mnene. Nyirakamana akafurahi sana.

"Tazameni mashavu! Bugali ya ziwa imemukubali!"

Nywele za mtoto zikageuka. Zikawa laini, nyekundu nyekundu kama kutu. Bibi akafurahi zaidi. Akamwita "gaju wangu", maana gaju kwao ni ng'ombe wa rangi hiyo, na ni rangi ya kusifiwa. Alimpakata akimwimbia nyimbo wanazoimbiwa ng'ombe wazuri wakirudi zizini. Jamani, tusimcheke. Alimpenda mtoto yule kuliko pumzi yake.

Abigaïl hakuimba.

"Mama, mutoto hachezi tena."

"Anapata adabu."

"Mama, chakula anakikataa."

"Ameshiba."

"Mama, na kulia halii. Jana kuku alimudonoa mukono, akamutazama tu."

Hapo Nyirakamana aliugeuza mkono wa mtoto, akatafuta alama.

Asubuhi moja Apollinarie alikuja kuomba kaa la moto. Alimkuta Hagenimana kizingitini. Akaweka chini kigae chake. Kwa mara ya kwanza walimwona amenyamaza. Alishika mguu wa mtoto, akabonyeza upande wa juu wa wayo kwa kidole gumba, akahesabu polepole mpaka tatu, akaachia. Palibaki kishimo. Alibonyeza mguu wa pili. Palibaki kishimo kingine.

"Mama Hagenimana, njoo uone."

"Naona. Amenona mpaka miguu," alisema Nyirakamana kutoka ndani.

"Mama muzee, mafuta hayabakishe shimo. Hii ni maji. Mutoto amevimba. Hii ni bwaki."

Jina la bwaki kila mama wa kwetu analijua, ule ugonjwa wa uvimbe unaoua watoto. Abigaïl alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Bwaki ni ya watoto wa njaa," alisema. "Huyu anapata chakula kila siku!"

"Chakula gani?"

"Bugali."

"Na nini?"

Abigaïl alifikiri. Akatazama mikono yake.

"Na bugali," alisema.

Apollinarie alikaa karibu naye.

"Sikia, dada. Bugali ni kuni. Inatia moto mwilini, muntu anatembea, anabeba mizigo. Lakini mutoto iko anajengwa, na nyumba haijengwe na kuni peke yake. Kule juu maziwa ndiyo ilikuwa inamujenga. Imekatika. Mumeweka nini pa nafasi yake? Hakuna. Maharagwe inajenga, karanga inajenga, lakini mwaka huu utazitoa wapi? Mashamba ya bonde la Ruzizi haikulimwa sababu ya vita. Samaki ndiyo iko. Samaki ni maziwa ya huku."

"Yampaye inka!" Nyirakamana alipaza sauti. Hicho ni kiapo chao cha kale, wanaapa kwa yule aliyewapa ng'ombe. "Samaki katika nyumba yangu? Tumepoteza thelathini. Sasa munataka nimukaushe na wa mwisho?"

Apollinarie akasimama.

"Mama muzee, miye nilizika watoto wawili wa bwaki. Samaki ilikuwa mlangoni. Nilikuwa nawauza wote, watoto nawapa bugali tupu, na hakuna muntu aliniambia. Nilikuwa sijui. Weye sasa unajua."

Akachukua kigae chake, akaondoka bila moto.

Siku hiyo hiyo Azarias na Abigaïl walimbeba mtoto mpaka dispanseri. Muuguzi aliitwa Herménégilde. Alimtazama Hagenimana machoni, akamtazama ngozi ya mapaja iliyoanza kupasuka, akabonyeza miguu.

"Ni bwaki," alisema. "Mumekuja mapema kidogo. Wiki mbili mbele, ningewaambia maneno mengine."

"Utupe dawa, muganga," alisema Azarias.

"Maziwa ya unga iliisha tangu mwezi wa pili. Nimeandika barua tatu. Hakuna jibu. Lakini dawa ya huyu inauzwa kule chini kwa makopo. Weye unafanya kazi gani?"

"Navuta nyavu."

Herménégilde aliweka kalamu mezani.

"Unavuta nyavu! Na mutoto ana bwaki!"

Azarias aliinamisha kichwa.

Muuguzi hakumtukana. Aliwaeleza polepole, akawaambia warudie maneno mpaka wayashike. Chukua ndagala wakavu, toa vichwa, osha mchanga wote. Kausha tena, twanga mpaka wawe unga laini, chekecha ili mwiba usibaki. Pika uji mwepesi wa mahindi au muhogo. Tia kijiko kimoja cha unga wa samaki, tia mafuta kidogo ya mawese, chemsha. Chumvi usitie, maana inaongeza uvimbe. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto alale na joto.

"Na usimujaze," alisema. "Tumbo yake imechoka. Umupe kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na usiku mara moja. Kila asubuhi munamuleta hapa nimuone. Akihara, akiwa baridi, akikataa kabisa kula, mulete mbio, usingoje asubuhi. Munaanza leo."

Walipofika kwenye mto, Abigaïl alisimama. Yeye si mwanamke wa kugombana na mume njiani. Siku hiyo aligombana.

"Baba Hagenimana, kila siku unashika dawa ya mutoto wako na mikono miwili. Halafu unaisugua na majivu."

"Na mama? Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie mutoto wako anakufa."

Walimkuta Nyirakamana nje, fimbo mapajani. Azarias alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote aliyosema muuguzi. Alipomaliza, mzee alimwomba Abigaïl ampe mtoto. Akamlaza mapajani. Akabonyeza mguu kwa kidole chake mwenyewe, akahesabu kwa lugha yao. Alitazama kishimo kile muda mrefu.

"Azarias," alisema, "ndama akifiwa na mama yake, tulikuwa tunafanya nini?"

"Tunamupeleka kwa ng'ombe mwingine."

"Na kama anakataa?"

"Tunamushika kichwa, tunamupaka maziwa mudomoni, mpaka anyonye."

"Ehe. Hakuna mufugaji anamuacha ndama kufa sababu maziwa haikutoka kwa mama yake." Alipangusa macho na ncha ya kitambaa. "Muite yule mwanamuke wa makelele."

Apollinarie alikuja na kopo limejaa ndagala, na kinu kichwani. Nyirakamana akaweka sheria zake. Kinu kiwe nje. Chungu cha samaki kiwe peke yake. Chombo cha maziwa, kile walichokibeba mgongoni tangu mlimani, kisiguswe.

"Chungu kumi kama unataka," alisema Apollinarie. "Mutoto ale tu."

Uji ulipoiva, Hagenimana aligeuza uso. Abigaïl alijaribu tena, akageuza tena. Ndipo Nyirakamana akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kijiko. Hawezi kukubali kitu bibi yake anakiogopa."

"Mama!" Azarias alishtuka.

"Nyamaza. Kama Bihogo atakauka, akauke kwa ajili yangu. Mutoto hana kosa."

Mwanamke yule wa miaka sitini na zaidi, ambaye samaki hakuwahi kugusa ulimi wake, alifumba macho akameza. Wote walimtazama. Alifumbua jicho moja.

"Inanuka kama viatu vya askari," alisema.

Apollinarie alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Abigaïl alicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Hagenimana alitazama mdomo wa bibi yake. Akafungua wake. Kijiko cha kwanza kikaingia. Cha pili. Cha tatu alikikataa, na walimwacha, kama muuguzi alivyosema.

Wakaendelea hivyo, mara sita kwa siku. Kila asubuhi walimpeleka dispanseri.

Siku ya nane walipatwa na hofu kubwa. Mtoto alikojoa sana, uvimbe ukaisha, na chini ya uvimbe wakaona mifupa. Mikono ilikuwa kama vijiti.

"Mumemumaliza!" alilia Nyirakamana. "Alikuwa munene, sasa mutazame!"

Herménégilde alimpima, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mama, maji imetoka. Huyu ndiye mutoto wako wa kweli. Alikuwa amejificha. Sasa tunaweza kumujenga. Ongeza uji, na unga wa samaki sasa vijiko viwili."

Wiki ya tatu Hagenimana alilia kwa sauti. Abigaïl alikimbia akifikiri ameungua. La, kuku alikuwa amemdonoa, naye alimtupia jiwe huku akipiga kelele za hasira. Nyumba nzima ilitoka kushangilia kilio kile kama watu wa harusi. Mwezi wa tatu wa uji ule nywele nyeusi zilianza kuota chini ya zile nyekundu. Alicheka, akafukuza kuku, akaiba ndagala kwenye kikapu cha Apollinarie, na Apollinarie akamtukana kwa furaha.

Kisha Ndagijimana akatuma habari kutoka mlimani: Bihogo amezaa, na maziwa yapo. Nyirakamana aliisikia, akasema, "Kumbe." Hilo tu. Asubuhi iliyofuata alichukua fimbo yake na kinu, akaingia nyumba ya kwanza ya wakimbizi wa mlimani, kisha ya pili. Nyumba tisa alizipita wiki ile, anatwanga mbele ya akina mama, anaonja mbele ya watoto, analalamika harufu.

Nyumba tisa, kwa mwanamke mmoja mzee mwenye fimbo. Na wewe mwenye miguu miwili mizima?

Kutoka Kavimvira mpaka Mulongwe, mitaa yetu ya Uvira, wapo watoto wengine, wa mlimani na wa bondeni, wa wakimbizi na wa wenyeji, maana bwaki haiulizi kabila. Wakubwa wanagombania viti. Hakuna hata mmoja wao atakayeshuka kutwanga ndagala. Basi ondoka sasa hivi. Chukua konzi mbili za samaki, nenda kwa jirani yule ambaye kila siku unampita. Bonyeza mguu wa mtoto, hesabu mpaka tatu. Ukiona kishimo, waambie ulichosoma hapa, twanga pamoja nao, na umbebe mtoto mpaka kwa muuguzi kama mama yake amechoka. Wakikufukuza, rudi mchana. Wakifunga mlango, piga hodi tena.